Mashine ya kuchomelea chuma kinene: niliyojifunza Ifakara

Mtu akiingia karakana kwetu kuulizia mashine ya kuchomelea, swali lake la kwanza karibu kila mara ni ampea. "Fundi, hii ya kwenu ni ya ngapi?" Nami humrudishia swali: wewe unataka kuchomelea nini? Akisema mageti na grili za madirisha, tunamalizana tukiwa tumesimama. Akisema tela, majembe ya trekta au nguzo za ghala, namsogezea kiti. Chuma kinene kina maswali yake, na ampea ni moja tu kati ya hayo, tena wala si la kwanza.

Mimi mwenyewe nilianza na chuma chembamba, Morogoro mjini. Mabomba ya mraba ya milimita 1.2 au 1.5, mchana kutwa. Kwenye kazi hiyo adui ni kutoboa. Mkono unajifunza kuogopa moto: rodi (kile kijiti cha kuchomelea) ya unene wa milimita 2.5, ampea 60 au 70, unagusa, unainua, unagusa tena. Nilipohamia Ifakara kazi ikabadilika. Bonde la Kilombero ni mpunga na, ukielekea Kidatu, miwa. Vinavyoletwa karakana ni tela, majembe ya sahani, powatila (trekta ndogo za mkono) zilizokatika mikono. Ni vyuma vya milimita 8, 10, 12, na mara mojamoja 20. Huko adui amegeuka. Hakuna pleti ya milimita 12 utakayoitoboa kwa bahati mbaya. Hatari yake ni mshono kulala juujuu, umenyooka na kung'aa, huku chuma cha chini hakijayeyuka hata kidogo. Pleti nene hunyonya moto na kuutawanya upesi kuliko mashine dhaifu inavyoweza kuutoa. Matokeo yake unabandika, huchomelei.

Mwenye karakana niliyofikia alikuwa mzee mmoja mchache wa maneno, aliyewahi kufanya kazi za reli kabla ya kujiajiri. Alikuwa na jaribio lake, na mwanzoni nilidhani ni la kupima mafundi wageni. Kumbe alikuwa anapima mashine. Siku moja mfanyabiashara alimletea mashine mpya ya inverta, yaani ile nyepesi ya kielektroniki, ndogo kama sanduku la vifaa, ubavuni imeandikwa 300 kwa herufi nene. Mzee akachukua vipande vinne vya flati baa ya milimita 10, akavisaga kutu kwa grainda hadi vikang'aa, akanipa. "Kijana, simamisha kimoja juu ya kingine, uchomelee upande mmoja tu. Jozi hii kwa mashine yetu, jozi ile kwa ya huyu bwana. Rodi ileile, mkono uleule." Mashine yetu ilikuwa imeandikwa 200. Nikaichomelea jozi ya kwanza kwa ampea 130 na rodi ya 3.2. Ile ngeni nikaiweka 130 vilevile. Sauti ilikuwa tofauti, rodi ikawa inanata, ikabidi nipandishe kitufe hadi 200 ndipo ikawaka vizuri.

Kwa macho, mishono yote miwili ilikuwa mizuri. Ya mashine ngeni labda ilipendeza zaidi, imeinuka juu na kuviringa. Mzee akabana jozi ya kwanza kwenye jiliwa, akakigonga kile kipande kilichosimama kwa nyundo kubwa, akikilaza kuelekea upande wenye mshono. Kikapinda, kikapinda, mwishowe kikachanika huku kimeng'oa chuma cha chini. Palipovunjika paliparuza, rangi ya kijivu. Jozi ya pili iliachia kwa pigo la pili, kwa mlio mkavu. Akaniita niangalie. Chini ya mshono, kwenye flati baa, ile mistari ya jiwe la grainda ilikuwa bado ipo, mmoja mmoja, kama nilivyoiacha dakika kumi kabla. Mshono ulikuwa umepita juu yake bila kuigusa. Mfanyabiashara alisema labda rodi zina unyevu. Mzee hakubishana naye, alimpa vile vipande aende navyo.

Tangu hapo mtu akiniuliza mashine ipi nzuri kwa chuma kinene, namwambia aende dukani na vipande viwili vya milimita 10. Muuzaji mwenye bidhaa ya kweli hakatai. Asiyetaka mashine ijaribiwe kwa rodi ya 3.2 tangu mwanzo hadi mwisho wa kijiti, maana yake anaijua.

Sasa hizo namba. Namba iliyoandikwa kwa rangi ubavuni ni ya kuuzia. Namba za kazi ziko kwenye kibati kidogo, kwa kawaida nyuma au chini ya mashine, chenye jedwali ambalo wengi hawalisomi. Kuna safu ya herufi X yenye asilimia, na chini yake safu ya ampea. Asilimia hiyo inahesabiwa ndani ya dakika kumi. Ikisema 40% kwa ampea 200, maana yake kwa ampea 200 mashine inaweza kuchomelea dakika nne, kisha ipumzike sita. Mashine tuliyo nayo sasa kibati chake kinasema ampea 200 kwa 40%, 163 kwa 60% na 126 kwa 100%. Mimi huanza kusoma kutoka kulia, kwenye ile 126. Ndiyo ampea ninayoweza kuitumia kutwa nzima bila taa ya joto kuwaka.

Kwa nini 126 inanitosha? Kuna kanuni ya mikono michafu ambayo mafundi wengi tunaitumia: kila milimita moja ya unene wa rodi inataka ampea 40 hivi. Rodi ya 2.5 inakwenda kwenye 100 ikiwa chuma ni kinene, ya 3.2 kwenye 130, ya 4 kwenye 160. Rodi ya 3.2 ndiyo mtumishi mkuu wa tela na majembe. Kwa hiyo anayeanza anatafuta mashine inayobeba 3.2 bila kuhema, na inayoweza kubeba ya 4 siku mojamoja. Hiyo ni mashine ya 200 ya kweli. Hahitaji 300, wala 400, na hizo 400 nyingi za bei ya chini hazifiki hata 150.

Unaweza kuzikamata kwa hesabu bila kuwasha chochote. Tao la rodi, yaani ule mwali wa umeme kati ya ncha ya rodi na chuma, likiwa kwenye ampea 300 huwa na volti 32 hivi. Zidisha: wati 9,600. Angalia plagi. Ikiwa ni ile ya miguu mitatu ya ampea 13, kwa volti 230 inapitisha kama wati 3,000. Haiwezekani kuingiza 3,000 ukatoa 9,600, hata kama muuzaji ataapa. Kibati kikiwa hakipo kabisa, au kipo lakini kina ampea moja tu bila asilimia, rudisha sandukuni. Halafu kuna ujanja mwingine ambao kwa watu wa joto kama sisi una uzito: asilimia hizo zinatakiwa kupimwa hewa ikiwa nyuzi 40, lakini baadhi ya mashine za bei rahisi hupimwa kwenye nyuzi 20. Nyuzi 20 Ifakara tunazisikia alfajiri ya Julai. Chini ya bati mchana wa Novemba, 40% ya nyuzi 20 inakuwa asilimia chache mno.

Kabla ya mashine, hata hivyo, kuna umeme, na hapa ndipo wengi wanaoanza huumia. Rodi ya 3.2 kwenye ampea 130 inakula wati kama 3,300 pale kwenye tao. Ongeza upotevu ndani ya mashine, ongeza tabia ya inverta rahisi kuvuta umeme kwa mapigo, utakuta ukutani unavuta ampea 20 hadi 25. Plagi ya 13 haikukatai mara moja. Fyuzi yake inavumilia kwa muda, na wakati inavumilia, plagi inaiva. Utajua kwa harufu kwanza, kisha utaona mguu mmoja umebadilika rangi kuwa wa kahawia na plastiki imelegea kuuzunguka. Nimeshakuta soketi za watu zimeshikana na plagi, haziachani mpaka kwa bisibisi. Mwite fundi umeme akuvutie waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, wa milimita 6 za mraba, na breka ya ampea 32 na soketi ya duara ya viwandani. Kazi hiyo ni ya nusu siku, na ni sehemu ya bei ya mashine hata kama haimo kwenye risiti.

Waya wa kurefushia nao una hesabu yake. Chukua ule mwembamba wa 1.5 unaouzwa kila duka, urefu wa mita 50, upitishe ampea 25: unapoteza volti 30 njiani. Kama nyumbani kwako umeme unafika 220, kwenye mashine inafika 190, na inverta nyingi zinaanza kulalamika chini ya 195. Ukitumia waya wa milimita 4 za mraba kwa urefu uleule, unapoteza 11 au 12. Na ukunjue wote. Waya uliobaki umeviringwa kwenye gurudumu lake hujipasha wenyewe mpaka ganda lilainike.

Wanaokaa mwisho wa laini, ambako jioni taa huwaka manjano, wajaribu mashine saa hiyohiyo ya jioni kabla ya kulipa, si asubuhi. Wanaotegemea jenereta kwenda kuchomelea shambani wajue ya 5 kVA itahema kwenye rodi ya 3.2, 8 kVA ndiyo inakaa kwa amani. Na kibati cha jenereta kina tabia zilezile za kibati cha mashine.

Watu huniuliza kama wangoje umeme wa njia tatu (three-phase). Kwa mwanzo, hapana. Njia moja iliyovutwa vizuri inafanya tela, jembe na ghala. Njia tatu utaihitaji ukitaka kuchomelea kutwa kwa rodi za 4 na 5, au ukinunua mashine kubwa ya waya, ile inayochomelea kwa waya unaojitoa wenyewe badala ya rodi.

Hapo kwenye waya niseme wazi kwa sababu vijana wengi wanaotazama video huja wakiwa wameshaamua. Mashine ya waya na gesi ni tamu. Haina gamba (ule uchafu mgumu unaofunika mshono wa rodi) la kugonga, haina kubadilisha rodi, mshono unatoka kama umechorwa. Kwa bodi za magari na mabomba membamba naipenda. Lakini zile ndogo za njia moja huchomelea kwa kugusagusa: ncha ya waya inagusa chuma, inayeyuka, inagusa tena, mara nyingi kwa sekunde, na moto wake ni mdogo. Kwenye milimita 10 zinatoa mshono mzuri unaolala juu ya chuma baridi, yaani jambo lilelile la mistari ya grainda, tena baya zaidi kwa sababu sura yake inamdanganya hata fundi mzoefu. Ili waya uingie kwenye chuma kinene sawasawa unataka zaidi ya ampea 200 na gesi yenye agoni nyingi, na hiyo ni mashine nyingine kabisa na bei nyingine. Juu ya hapo gesi hupeperushwa na upepo, na kazi ya tela nusu yake hufanyika uani. Rodi haijali upepo wa kawaida. Rodi inauzwa mpaka Mlimba. Mtungi ukiisha, unaanza safari.

Transfoma la kusukwa hapahapa, lile zito linalokaa kwenye fremu ya magurudumu, nalo lina watetezi wake, na siwacheki. Halifi kwa vumbi. Likiungua, fundi wa kusuka mota analisuka upya wiki hiyohiyo, wakati inverta ikifa kadi yake mara nyingi ndio mwisho wa habari. Lakini linatoa umeme wa kwenda na kurudi (AC), na mengi yana volti ndogo kabla ya kuwaka, kwenye 50 hivi. Rodi ya 6013, ile ya kawaida ya madukani, inakubali. Rodi ya 7018, ambayo ndiyo nataka kukuambia uitumie kwenye chuma kinene, inazimika zimika mpaka fundi anakata tamaa anasema rodi mbovu. Kuna jingine: mengi hayana kifuniko wala ethi ya maana, na wakati wa masika kushika holda (kishikio cha rodi) kwa mkono uliolowa ni kujitafutia. Jirani naye atakuja kuuliza mbona taa zake zinacheza.

Rodi, basi. Asilimia kubwa ya zinazouzwa madukani kwetu ni 6013, na kwa miaka yangu ya mageti sikujua kama kuna nyingine. Namba mbili za mwanzo ni nguvu ya mshono ukivutwa: 60 ni pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, 70 ni 70,000. Lakini nguvu hiyo siyo sababu yangu kubwa. Mshono wa 7018 unapinda kabla ya kukatika, na hauvuti haidrojeni nyingi ndani yake, kwa hiyo hauachi nyufa zile zinazotokea kesho yake asubuhi wakati tela limeshaondoka. Mkono wa kuvutia tela, jicho la kuungia trekta, kiti cha springi: hapo natumia 7018, holda kwenye chanya. Bodi, ngazi, mlango wa tela: 6013 inatosha na inaniokolea pesa. Anayeanza ataiona 7018 ngumu. Inataka tao fupi sana, karibu uisukume ndani, na ukiachia kijiti nusu ncha yake inajifunika kwa gamba, lazima uigonge kwenye sakafu kabla ya kuwasha tena. Vumilia paketi moja nzima, mkono utazoea.

Unyevu ndio adui wake. Ifakara ya Aprili unaijua mwenyewe. Nimewaona mafundi wanaanika 7018 juani juu ya bati, wakiamini zimekauka. Jua halifiki huko. Kukausha rodi hiyo iliyonyonya maji kunataka tanuri la nyuzi 300 na zaidi kwa saa mbili hivi. Sisi tunanunua paketi ndogo, tunafungua inayotumika leo, na zilizobaki zinakaa kwenye friji bovu lililotiwa taa ya wati 60 ndani. Friji hilo haliponyi rodi iliyolowa, linazuia kavu isilowe. Ukiona mshono una vitundu kama maandazi, acha kulaumu mashine, angalia rodi.

Nimefika kwenye kitu ambacho, kama ningepewa pesa ya mtu anayeanza nimgawie, kingepata fungu kubwa kuliko anavyotarajia: grainda. Chuma cha zaidi ya milimita 6 kikiunganishwa ncha kwa ncha, hakuna rodi wala ampea itakayofika chini bila kuchonga V. Kila ukingo unaukata mshazari nyuzi 30, ili vikikutana uwe na mdomo wa nyuzi 60. Chini unaacha nafasi ya milimita 2 au 3, na ncha ya ukingo usiiache kali kama kisu, ibaki na milimita moja na nusu. Pitisha rodi ya 2.5 kwanza chini kabisa, gonga gamba, piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, ndipo ujaze kwa 3.2. Milimita 10 inataka mapito matatu au manne. Kati ya pito na pito ni kusafisha tena, na hapo ndipo uvivu unapojificha, maana gamba lililofunikwa halionekani tena mpaka siku ya kuvunjika.

Kuchonga mita moja ya V kwa grainda ndogo ya inchi nne na nusu kunawezekana, ila utamaliza mawe na uvumilivu. Grainda ya inchi tisa inafanya kazi hiyo bila kuungua. Kuna tabia ya kunitia hasira: watu kufunga jiwe la inchi tisa kwenye grainda ndogo baada ya kung'oa kinga. Jiwe kubwa limetengenezwa lizunguke mara 6,600 kwa dakika. Grainda ndogo inazunguka 11,000. Jiwe likipasuka kwa kasi hiyo halichagui. Karakana kwetu atakayeonekana anafanya hivyo anaondoka siku hiyo, hata awe mtoto wa dada yangu.

Kuhusu nyaya za mashine yenyewe: zile zinazokuja sandukuni mara nyingi ni za mita moja na nusu, za alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani umeshajua. Kwa ampea 130 hadi 160 nunua shaba ya milimita 25 za mraba, mita tano kwa holda na mita tatu kwa ethi (waya unaobanwa kwenye chuma unachochomelea), na kibanio cha ethi kizito cha shaba au shaba nyeupe. Mashine nyingi zinazoitwa mbovu tulizoletewa zilikuwa na kibanio kilicholegea tu. Kishike baada ya kuchoma rodi moja. Kikiwa cha moto kuliko waya, umeupata ugonjwa.

Macho. Chuma kinene kina mwanga mkali kuliko ule wa mageti na unakaa muda mrefu zaidi kila pito. Miwani meusi ya jua haifai hata kwa sekunde. Kioo cha namba 10 kwa ampea hadi 130 hivi, 11 ukienda juu ya hapo, na kinyago kizima, siyo miwani, kwa sababu shingo na kidevu navyo vinaungua. Aliyelala usiku akihisi mchanga machoni, akiwekewa viazi vibichi na mama watoto, hahitaji kuelezwa mara mbili. Glavu ziwe za ngozi ndefu mpaka karibu na kiwiko. Na bomba la maji la zinki usilichomelee ndani ya chumba. Toa zinki kwa grainda kwanza, kaa upepo ukitokea nyuma yako. Maziwa ambayo mafundi wengi wanakunywa baada ya hapo hayatoi kitu mapafuni. Wanywe tu kwa kuwa maziwa ni chakula.

Springi za lori nazitaja kwa sababu kila anayeanza anataka kutengeneza kitu kwa springi: kiungo cha powatila, jembe, tindo. Chuma hicho kina kaboni nyingi. Kichomelee baridi kama flati baa ya kawaida, kitapasuka pembeni mwa mshono, na hakuna mashine itakayozuia hilo. Kipashwe moto kwanza, kiachwe kipoe polepole ndani ya majivu au mchanga mkavu. Bora zaidi mwambie mteja anunue pleti.

Mwaka jana alikuja kijana kutoka upande wa Mlimba. Alikuwa ameuza mpunga na pesa iko mfukoni, anataka mashine ya 400 ili asije akanunua mara mbili. Alinisalimia shikamoo ingawa hatujapishana sana miaka, nikajua huyu anasikiliza. Tukakaa, nikamuuliza nyumbani ana umeme gani, waya wa kutoka kwenye mita una unene gani, na kazi ya kwanza ni ipi. Kazi ya kwanza ilikuwa mkono wa tela la powatila, flati baa ya milimita 10. Tukagawa pesa yake pale kwenye benchi kwa chaki: mashine ya 200 yenye kibati kinachosomeka, grainda ya inchi tisa iliyotumika, nyaya za shaba, kinyago, glavu, paketi mbili za 7018 na mbili za 6013, na fundi umeme. Mashine ilichukua chini ya nusu. Alilikodolea macho lile fungu la fundi umeme kwa muda mrefu.

"Kaka, hili la umeme si naweza kusubiri nipate kazi mbili tatu kwanza?"

Nikamwambia mashine ndiyo isubiri. Akiwa na waya mzuri, grainda na rodi, anaweza kukodi mashine ya jirani kwa siku na kazi ikatoka. Mashine bila umeme wa kuibeba ni chuma cha kukalia. Akaondoka na grainda na nyaya siku ile. Mashine alirudi kuichukua baada ya msimu, na alikuja dukani na vipande vyake viwili vya milimita 10, amevisaga tayari.